Darasa Chini ya Mbuyu

Kila likizo ya Desemba, mimi mwalimu wa sayansi hapa Chang'ombe, Dodoma, huwakusanya watoto asubuhi kwenye kambi ya kutwa chini ya mbuyu, na jioni hurudi kwao. Tunapima unene wa mbuyu kwa kamba. Nawaeleza kwamba hupukutisha majani kiangazi ili usipoteze maji, maana mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Maua yake hufunguka jioni, na popo huyachavusha. Mtoto akilijua hilo, hampigi tena popo mawe.

Mkusanyiko mdogo kama wetu unaweza kukua: mwaka 1991, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alikutana na wanafunzi 12 nyumbani kwake Dar es Salaam; ikazaliwa programu ya vijana ya mazingira, Roots & Shoots, ambayo leo imeenea nchi nyingi.

Wazazi wenzangu, kambi haihitaji maabara: kamba, daftari, kofia na maji ya kunywa vinatosha. Waacheni watoto waje.