Ziwa Kariba: Wavu upi unaosema kweli kuhusu samaki?

Kina cha Ziwa Kariba kinaposhuka, kama kilivyoshuka vibaya katika ukame wa mwaka 2024, wavuvi wa Zambia na Zimbabwe huuliza iwapo samaki nao wamepungua. Jibu la mtafiti hutegemea sana chombo alichotumia kuwavua.

Bwawa hilo, lenye urefu wa kilomita zipatazo 280, lilianza kujaa Desemba 1958 baada ya Mto Zambezi kuzibwa. Sehemu kubwa ya misitu iliyozama haikufyekwa, na visiki vyake hurarua wavu wowote unaokokotwa. Ndiyo maana watafiti hutegemea nyavu za makila zenye vipande vya macho tofauti, ambazo hutegwa jioni na kuopolewa asubuhi. Hata hivyo, kila jicho hunasa samaki wa kimo chake, na samaki asiyetembea hakutani na wavu. Kibebe naye huweza kunaswa kwa meno, akaonekana katika jicho lisilolingana na umbo lake.

Kapenta ni jambo jingine kabisa. Huyu ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, aliyepelekwa Kariba mwaka 1967 na 1968, na huishi katika maji ya wazi. Wingi wake hukadiriwa kwa mawimbi ya sauti yanayorushwa kutoka chomboni. Mawimbi hayo hayatambui aina ya samaki, hivyo huhitaji kuthibitishwa kwa nyavu za kunyanyua zenye taa. Mbalamwezi inapong'aa, taa hupoteza mvuto. Mavuno ya usiku huo yasilinganishwe na ya usiku wa giza.

Ukingoni, samaki wadogo wanaweza kuduwazwa kwa umeme, lakini njia hiyo hufaa maji mafupi tu, tena Kariba ina mamba na viboko. Kamba wa maji baridi kutoka Australia, ambao wamekwishaenea ziwani, huhitaji mitego yenye chambo. Anayetega makila peke yake anaweza kuandika kwamba hawapo.

Kisha kuna kina chenyewe. Maji yakirudi nyuma, mahali palipokuwa na nyasi na makinda huwa tope kavu, na kituo kile kile hakipimi tena makazi yale yale. Mtafiti asiyeandika kina na muda wa kutega anaweza kulaumu wavuvi kwa upungufu ulioletwa na ukame, na leseni zikapunguzwa bure.