Kila Spika na Kazi Yake

Umewahi kupanda daladala Magomeni ukasikia spika inakwaruza? Spika kubwa hutoa sauti nzito, kama ya ngoma. Spika ndogo, yaani twita, hutoa sauti nyembamba, kama ya filimbi. Sauti nzito ikiingia kwa nguvu katika twita, huiunguza. Fedha zako zimepotea.

Kinga yake ni kapasita. Zima redio. Kata waya mmoja wa twita, uunge kapasita hapo katikati. Twita ya omu 4 itumie kapasita ya mikrofaradi 10, isiyo na alama ya chanya wala hasi. Hiyo hupunguza sauti zenye mitetemo chini ya 4,000 hivi kwa sekunde. Spika kubwa huungwa koili, ipunguze sauti nyembamba. Sasa washa, usikilize.