Habari za Maputo Yaliyopanda Kupima Hewa ya Juu

Wasikilizaji wetu, mazungumzo yetu ya leo yahusu hewa iliyo juu ya vichwa vyetu, na watu waliothubutu kupanda kwa maputo ili waipime. Puto ni mfuko mkubwa sana wa kitambaa uliojazwa gesi iliyo nyepesi kuliko hewa. Chini yake huning'inizwa kikapu, na ndani ya kikapu hukaa watu, vipimo vyao, na mifuko ya mchanga. Wakitaka kupanda, humwaga mchanga; wakitaka kushuka, huvuta kamba ifunguayo kilango kilicho juu ya puto, gesi ikatoka. Usukani hakuna, nahodha ni upepo.

Tangu zamani ilijulikana ya kuwa hewa ya juu ni baridi na nyembamba. Kileleni pa Kilimanjaro, penye futi 19,340, uzito wa hewa ni karibu nusu tu ya ule wa pwani. Lakini je, juu ya milima yote mna nini? Baridi huzidi daima, au iko mahali inapokoma? Na mwanadamu aweza kufika wapi naye yu hai? Aliyekaa chini hakuweza kuyajibu maswali haya.

Tarehe 5 Septemba 1862, James Glaisher, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, alipanda kutoka Wolverhampton pamoja na rubani wake, Henry Coxwell. Walipofikia futi 29,000 hivi, Glaisher hakuweza tena kusoma vipimo. Mikono ikaishiwa nguvu, kichwa kikaangukia begani, macho yakaingia giza, akazimia. Kamba ya kilango nayo ilikuwa imetatizana, hata ikambidi Coxwell apande juu ya kikapu kuitatua. Baridi ikamwua mikono, asiweze kushika kitu. Basi akaiuma kamba kwa meno, akainamisha kichwa mara mbili tatu, na puto likaanza kushuka. Glaisher alipozinduka, alitwaa kalamu yake akaendelea kuandika hesabu.

Wafaransa watatu hawakupata bahati hiyo. Tarehe 15 Aprili 1875, Gaston Tissandier, Joseph Crocé-Spinelli na Théodore Sivel walipanda kutoka Paris katika puto liitwalo Zénith. Walichukua mifuko ya hewa iliyotiwa oksijeni, maana mganga Paul Bert alikwisha kuonyesha kwamba kinachomdhuru mtu huko juu ni upungufu wa oksijeni. Bert aliandika barua kuwaonya kwamba akiba yao haitoshi, lakini barua ilichelewa. Kwa kuwa akiba ilikuwa haba, waliiweka mpaka watakapoihitaji sana. Saa hiyo ilipofika, Tissandier alitaka kuushika mpira wa kuvutia hewa, na mkono wake ukakataa kuinuka. Puto likafika zaidi ya futi 28,000. Lilipotua, wenzake wawili walikuwa maiti, na yeye mwenyewe masikio yake yaliharibika.

Na tulishike neno moja alilolieleza Tissandier: hakuona maumivu wala hofu, bali aliona furaha moyoni. Hiyo ndiyo hila ya hewa nyembamba. Kiu humwonya mtu, na moto humchoma akauepuka. Lakini kukosa oksijeni humlegeza mtu huku akijiona mzima. Kwa hiyo angojaye dalili ndipo avute oksijeni, amekwisha kuchelewa. Tangu msiba ule ilifahamika ya kwamba yapasa kuivuta mapema, kabla haja haijaonekana.

Hata hivyo oksijeni peke yake ilikuwa na mpaka. Tarehe 31 Julai 1901, Arthur Berson na Reinhard Süring walipanda kutoka Berlin na chupa za oksijeni, wakapita futi 35,000. Süring akazimia, Berson akavuta kamba ya kilango, kisha naye akazimia. Walirudi salama, lakini ilionekana wazi kwamba kikapu kisichofunikwa kimefika mwisho wake.

Basi ikafaa kupeleka vipimo, na watu wabaki chini. Mfaransa Léon Teisserenc de Bort aliachia maputo zaidi ya 200 yasiyo na mtu, yenye vyombo vijiandikiavyo joto na uzito wa hewa. Mwaka 1902 alitangaza jambo la ajabu: huko Ulaya, joto hupungua mpaka kama futi 36,000, kisha halipungui tena. Mwaka huo huo Richard Assmann wa Berlin naye alipata habari iyo hiyo. Tabaka hilo la juu likaja kuitwa stratosfia.

Je, na huku kwetu karibu na ikweta ni vivyo hivyo? Mwaka 1908, Tanganyika ilipokuwa chini ya Wadachi, Berson yule yule alikuja Afrika ya Mashariki na maputo yake, akayarusha penye Victoria Nyanza. Aliona ya kuwa stratosfia huku huanza juu zaidi kuliko Ulaya, nayo ni baridi zaidi. Tena aliona huko juu upepo uvumao kutoka magharibi. Wataalamu wakashangaa, kwani mlima Krakatoa ulipolipuka mwaka 1883, vumbi lake lilichukuliwa juu ya ikweta na upepo utokao mashariki. Nani mkweli, vumbi au puto?

Jibu lilipatikana miaka ya 1960: wote wawili ni wakweli. Upepo wa juu ya ikweta hugeuka, ukatoka mashariki kwa muda, kisha magharibi, na mzunguko mzima huchukua miezi 28 hivi. Siku hizi maputo huachiwa kila siku katika vituo vya hali ya hewa duniani kote, yakituma habari chini kwa redio. Hayana mtu ndani. Lakini tusikiapo kwamba mvua yatazamiwa kesho, tuwakumbuke Sivel na Crocé-Spinelli, waliokwenda kuipima hewa hiyo kwa mapafu yao wenyewe.