Filbert Bayi na Mbio za Kuruka Viunzi na Maji

Vijana wetu wa Msimbati hukimbia mchangani maji yakipwa. Wakikuta gogo, huruka. Wakikuta dimbwi, huruka. Leo tuzungumzie mbio za namna hiyo, na Mtanzania aliyezipatia sifa.

Filbert Bayi alizaliwa Karatu, Arusha, mwaka 1953. Alikuwa askari wa JWTZ. Desturi yake ilikuwa kuongoza tangu mwanzo. Mwaka 1974, huko Christchurch, New Zealand, alikimbia meta 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Duniani hakuna aliyekuwa amefikia kasi hiyo.

Mwaka 1980 alikwenda Moscow kwenye Olimpiki. Safari hii alikimbia meta 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mkimbiaji huruka viunzi mara 28, na dimbwi la maji mara 7. Kiunzi kina kimo cha sentimeta 91, karibu na kiuno cha mtu. Tena hakianguki. Ukikigonga, unaanguka wewe!

Bayi aliongoza kama kawaida yake. Mzunguko wa mwisho nguvu zikapungua, Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Bayi akawa wa pili, akapata medali ya fedha. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Tanzania katika Olimpiki. Kesho yake Suleiman Nyambui akapata ya pili, meta 5,000. Mpaka Olimpiki ya mwaka 2024, ya tatu haikupatikana.

Jadilianeni: Je, Bayi alishindwa? Sisi tunasema hapana. Anayetangulia ndiye anayekata upepo, na wa nyuma hupata nafuu.