MWIZI WA SENEMA NA MWIZI WA KWELI

Watu watokapo kutazama picha ya wizi wa fedha, mazungumzo yao huwa juu ya mwizi. Husifu akili yake, magari yake na ulaini wa ulimi wake. Ni wachache waulizao: Je, fedha zile zilikuwa za nani? Twaona kuwa swali hilo ndilo litengalo picha na tukio lenyewe, nasi twapenda kulipima kwa mfano mmoja.

Mwaka 2013 ilitoka picha ya Kimarekani iitwayo The Wolf of Wall Street, iliyoongozwa na Martin Scorsese, ambamo Leonardo DiCaprio alicheza sehemu ya Jordan Belfort. Belfort ni mtu wa kweli. Kampuni yake, Stratton Oakmont, haikuwa na makao yake Wall Street, bali Lake Success, nje ya jiji la New York. Hila yake ilikuwa nyepesi. Yeye na wenzake walijikusanyia kwa siri hisa za makampuni madogo kwa bei ya chini. Kisha vijana wao wakapiga simu kutwa nzima kuwahimiza watu wazinunue. Bei ilipopanda, wao waliuza zao. Bei ikaanguka, na wanunuzi wakabaki na karatasi.

Katika mengi picha ile haikudanganya. Hata meli ya anasa inayoonekana ikizama, ilizama kweli mwaka 1996. Upungufu wake umo katika yale yasiyoonyeshwa. Kisa kilitokana na kitabu alichokiandika Belfort mwenyewe, hivyo twakisikia kwa kinywa cha mwizi. Waliodhulumiwa walikuwa zaidi ya 1,500, lakini katika picha ya saa tatu wao ni sauti tu katika simu. Mwaka 2003 Belfort alihukumiwa kifungo cha miaka minne, akakaa gerezani miezi 22. Aliamriwa pia alipe dola milioni 110 ili wenye mali warudishiwe. Picha ilipotoka, miaka kumi baadaye, sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa haijalipwa.

Lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa nyuma ya picha yenyewe. Iligharimiwa na kampuni ya Red Granite, ambayo mmoja wa waanzilishi wake alikuwa mtoto wa kambo wa Najib Razak, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Malaysia. Mwaka 2016 Serikali ya Marekani ilipeleka madai mahakamani kwamba fedha za kuitengenezea picha hiyo zilitoka katika 1MDB, mfuko ulioanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya maendeleo ya Malaysia. Kwa hesabu ya Marekani, zaidi ya dola bilioni 4.5 zilichotwa humo. Mwaka 2018 Red Granite ilikubali kulipa dola milioni 60 kumaliza shauri, bila ya kukiri kosa. Mwaka huo huo wananchi walimwondoa Najib kwa kura, na mwezi Agosti 2022 aliingia gerezani kwa fedha za kampuni iliyokuwa tawi la mfuko huo. Deni la mfuko liliwaangukia walipa kodi.

Basi wafanyakazi na wakulima wa Malaysia, wasiopata kuulizwa, ndio waliodaiwa kuwagharimia matajiri picha ya kuchekesha juu ya wizi. Hakuna mwandishi wa senema aliyethubutu kubuni kisa kama hicho.

Hatusemi picha za namna hii zisitazamwe. Zaweza kumfundisha mtu jinsi ulimi mtamu unavyofungua mifuko ya watu. Lakini wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Senema hutuonyesha karamu ya mwizi, daftari haituonyeshi. Hilo yatupasa kulidai wenyewe, kwa kila mfuko ulio na fedha za umma, na kulidai mapema, kabla fedha hazijavuka bahari.