Kidimbwi cha samaki Olenguruone: Pima baridi kabla ya kuchimba

MKULIMA wa Olenguruone anayenuia kufuga samaki uani mwake hana budi kupima joto la maji kabla ya kushika jembe, la sivyo atalisha samaki wasiokua.

Katika mpango wa kufufua uchumi wa 2009, serikali ilichimba vidimbwi vya mita 300 mraba katika maeneobunge 140 kati ya 210 ya wakati huo. Vingi vilitiwa tilapia. Samaki huyo hunawiri katika nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 hula kidogo na kudumaa. Olenguruone, iliyo katika miinuko ya Mau, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, haina joto hilo.

Trauti hupenda baridi, lakini huhitaji maji safi yanayotiririka usiku na mchana. Asiye na kijito asimjaribu. Koi, samaki wa mapambo, huvumilia baridi katika maji yaliyotuama, mradi kina kipite mita moja na maji yachujwe.

Kipimajoto kikitumbukizwa alfajiri na alasiri katika pipa lililo uani, kwa majuma kadhaa, kitamwonyesha mkulima samaki anayemfaa.