Mpango Mmoja, Hospitali 98: Garissa na Ununuzi wa Mashine za Tiba

Hospitali ya umma inapotaka kubadilisha mashine ya eksirei iliyochakaa, njia ya kawaida ya kisheria huwa ndefu: huandikwa sifa za kifaa kinachohitajika, hutangazwa zabuni, bei hulinganishwa, walioshindwa hupewa muda wa kulalamika, ndipo mkataba utiwe saini, na pengine mwaka wa fedha huwa umekwisha kabla sanduku la kwanza halijafika. Mlolongo huo una sababu njema, kwa kuwa Kifungu cha 227 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Lakini vifaa vya elektroniki huzeeka upesi kuliko makaratasi yanavyotembea, na mashine ambayo kiwanda chake kimeacha kutengeneza vipuri haiwezi kungoja.

Kwa ajili hiyo sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, inaruhusu katika kifungu cha 114 kile kinachoweza kuitwa mkataba wa jumla, yaani makubaliano ya muda usiozidi miaka 3 ambayo wauzaji kadhaa hupimwa na kukubaliwa mara moja, kisha hospitali hutoa agizo kila haja inapozuka, au huwashindanisha kwa bei wale wale waliokwisha kukubaliwa, bila kurudi kwenye zabuni mpya.

Kabla sheria hiyo haijaanza kutumika, Kenya ilikuwa imekwisha kujaribu njia ya mkato kubwa zaidi. Februari 2015 serikali ya taifa ilitia saini mikataba ya miaka 7 chini ya mpango unaojulikana kwa kifupi kama MES, ambao haukununua mashine bali ulizikodi: kampuni zilileta vifaa vya picha za mwili, upasuaji, usafishaji damu na uangalizi wa wagonjwa mahututi, zikavifunga, zikafundisha watumiaji na kuchukua jukumu la matengenezo, nayo serikali ikalipa kidogo kidogo. Hospitali 98 ziliingizwa, 2 katika kila moja ya kaunti 47 na 4 za kitaifa. Kwa Kaskazini Mashariki, ambako Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa nyuma ya kaunti nyingine kwa miaka mingi, wazo hilo lilikuwa na uzito wa kweli, kwani mgonjwa wa figo aliyezoea kusafirishwa hadi Nairobi angeweza kutibiwa karibu na kwao.

Kasoro ilikuwa mahali ambapo uamuzi ulifanyika. Chini ya ugatuzi hospitali hizo, isipokuwa zile 4 za kitaifa, ni za kaunti, lakini mikataba iliandikwa Nairobi, magavana walitakiwa kuridhia mambo ambayo hawakuwa wameonyeshwa kwa ukamilifu, na ada ilikatwa katika fedha zilizotengewa kaunti. Ada hiyo ilipanda kutoka takriban shilingi milioni 95 kwa mwaka kwa kila kaunti hadi milioni 200 katika mwaka wa fedha wa 2018/19. Kamati maalumu ya Seneti iliyoongozwa na Fatuma Dullo, seneta wa Isiolo, iliulaumu mpango huo vikali mwaka 2020, ikionyesha pia kwamba mashine zilikuwa zimelala katika baadhi ya hospitali kwa kukosa wataalamu, umeme au maji.

Maji yanastahili kutazamwa kwa karibu. Mgonjwa wa figo hulala kando ya mashine ya kusafisha damu kwa muda wa saa 4, mara 2 au 3 kwa wiki, na katika kila kikao maji kiasi cha lita 120 hupita upande wa pili wa utando unaochuja damu yake, maji ambayo lazima kwanza yatolewe chumvi na chokaa katika mtambo wake wa pekee. Garissa hutegemea mto Tana, ambao hujaa tope mvua zinaponyesha nyanda za juu, na visima vya Wajir vinajulikana kwa chumvi. Basi mashine ile ile ikipelekwa Nyeri na Wajir haikuti kazi ile ile, kwa kuwa vichujio vya Wajir huziba mapema na gharama ya kuviweka vipya huongezeka. Ndivyo ilivyo kwa umeme pia, kwani miji ya Wajir na Mandera imeishi kwa miaka mingi kwa jenereta za dizeli zisizounganishwa na gridi ya taifa.

Mpango uliofuata, unaoitwa NESP, unageuza msingi wa malipo: mwenye mashine hulipwa kwa kila huduma inayotolewa, hivyo mashine iliyokufa haimwingizii kitu. Badiliko hilo ni jema, ila lina hatari yake katika nchi ya wafugaji waliotawanyika, ambako wagonjwa kwa siku ni wachache na kampuni inaweza kuona safari ya fundi hailipi. Kwa hiyo mkataba wa Mandera, mji ulio kilomita 1,000 hivi kutoka Nairobi kwa barabara, unahitaji kutaja mambo ambayo mkataba wa Nairobi unaweza kuyaacha: vipuri vitawekwa wapi, fundi atafika baada ya saa ngapi, na ni nani mkazi wa kaunti atakayefundishwa kuifungua mashine kabla fundi huyo hajafika.